Matawi Niliyofunga ku Avenyu ya Muzee Radjabu

Kama siku moja unatembea na minye mu Kalundu na unaona wamama wanaouza samaki wa ndagala wananitazama, kiisha kila mumoja anaweka mukono ku shavu na kuinamisha kichwa, usishituke, hakuna muntu amefiwa, ni minye njo wananicheka. Wataendelea kunicheka mpaka nizeeke, na nimeamua kuelezea hii mambo kwa mudomo wangu mwenyewe, juu kila muntu mu Uvira iko anaielezea na anaongeza yake (kuna watu wa Mulongwe wanaosema eti nilichimba mpaka kaburi, hiyo ni uongo, sikuchimba kitu).

Kanisa letu iko na kazi ya kufundisha wakubwa kusoma na kuandika, ile wanaita alfabetizasyo, na wengi wanaokuja ni wamama wanaouza samaki ku bandari. Hatuulizi muntu dini yake, anayetaka anakuja, Mukristo, Muislamu, na wale wanaosema wataamua mwaka kesho. Minye niko mwalimu wao. Najua unacheka, juu masomo yangu niliachia mu ya pili sekondari, siku ile mwalimu wa aljebra aliniita ku ubao na minye nikasimama, nikapita ku ubao, nikapita ku mulango, nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Lakini pasta alisema kufundisha ba, be, bi, bo, bu hakuombi diploma, kunaomba uvumilivu na sauti, na sauti niko nayo ya kuita mutumbwi kutoka ng'ambo ya Burundi.

Shida yetu ilikuwa mahali. Tulikuwa tunasomea ku baraza ya nyumba moja isiyokuwa na ukuta mbele, na mvua ikija kutoka ziwani ubao ulikuwa unajifuta wenyewe mbele ya kumaliza sentensi. Wamama walikuwa wanachoka. Mama Noela, mukubwa wa kwaya yetu na mwanafunzi wangu wa kwanza, aliniambia siku moja, "Bahati, mwaka huu nimejifunza herufi tano na mafua kumi." Wengine walianza kuacha, na pasta alikuwa anaona wazi kama hatupati nyumba, ile kazi inakufa.

Sasa kuna Muzee Radjabu. Ni mufanyabiashara wa zamani, Muislamu, babu zake walikuja na biashara ya ziwa kabla hata ya Wazungu, na iko na depo, nyumba kubwa ya kuweka mizigo, imeshikana na nyumba yake, mu avenyu moja ya Kalundu, depo ya zamani ya chumvi ambayo haikuwa na kitu ndani ila panya. Pasta hakuenda kumuomba depo. Alienda kumusalimia. Akarudi tena kumusalimia. Alimutembelea alipolazwa kwa tension, ile presha ya damu, wakawa wanakaa ku baraza wanakunywa chai isiyokuwa na sukari na kubishana juu ya bei ya saruji, miezi na miezi, mpaka minye nikamuuliza pasta hii ni kazi ya Mungu ao ni uzururaji. Kiisha siku moja Muzee mwenyewe akasema, "Ile depo inalala bure na wamama wenu wanalowa. Ingieni."

Umeona, kazi ya miezi yote ile. Minye niliiharibu kati ya asubuhi na saa ya alasiri.

Tena haikuwa zawadi nyepesi. Muke wake, Mama Mwajuma, anayeuza vikwembe, vitenge vya wamama, ku soko, alikuwa anaitaka ile depo kwa ajili ya mizigo yake, na tangu Muzee atupatie alikuwa hamuongeleshi, anamuwekea bugali mbele na kuondoka. Na mudogo wa Muzee, Bwana Sadiki, mwanaume mwenye mabega kama kabati, aliapa mbele ya watu kwamba watu wa kanisa leo wameomba depo, kesho wataomba nyumba. Kwa hiyo kosa moja tu lilikuwa linangojewa, na minye njo mwenye kuileta.

Ijumaa pasta alituita juu ya sherehe ya kufungua.

"Vitu kidogo," akasema. "Turubai moja, viti, nyimbo mbili, shefu wa kartie aongee, tumalize. Tunaingia mu avenyu ya watu, tusiwapigie kelele. Na weye Bahati, utasimama kule ku barabara kubwa uonyeshe wageni njia, juu hizi avenyu zote zinafanana."

"Ndiyo pasta," nikasema, na ile jioni tukapita kwa Muzee, akatupa funguo ya depo akicheka.

Jumamosi asubuhi jua ilitoka na hasira. Nikatazama kule ku barabara, hakuna muti, hakuna kivuli, kuna vumbi na malori tu, nikajiuliza, muntu mwenye akili asimame pale siku nzima kama poteau, nguzo ya umeme, na umeme wenyewe haiko? Basi nikakumbuka kwamba nyuma ya kanisa kulikuwa matawi ya mingazi, ile miti ya mawese, yaliyobaki ya kupamba, bado mabichi. Nikasema, tawi halichoki, haliombi maji, jua halilipigi kichwa. Nikayabeba, nikafunga mawili upande huu wa mwanzo wa avenyu, mawili upande ule, na mengine nikayapanga pembeni ya njia mpaka ku mulango wa depo, wageni wafuate tu. Nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu. Nikajipongeza.

(Kama uko wa huku kwetu, hapa umeshashika kichwa. Kama hauko wa huku, nikuambie: kwetu matawi ya mingazi ku mwanzo wa avenyu yanasema kitu kimoja tu, mule ndani kuna kilio, muntu amekufa, punguza mwendo, zima muziki, vua kofia. Hata mbuzi wa Kalundu anajua. Na minye nilikuwa najua, nimeshafunga haya matawi ku kilio cha watu wengi, lakini ile asubuhi mu kichwa yangu kulikuwa sherehe tu, imejaa mpaka ku mulango, kilio hakikupata mahali pa kukaa.)

Ingekuwa matawi peke yake, labda. Lakini kanisa letu iko na turubai moja tu, ya bluu, yenye kiraka pembeni, na ile turubai inazunguka ku vilio vyote vya kartie, mutaa wetu muzima, watu wanaijua kuliko wanavyojua shefu. Tukaitandika mbele ya nyumba ya Muzee. Tukapanga viti vya plastiki. Kiisha Mama Noela akafika na kwaya, na nyimbo za Mama Noela, hata za harusi, zinakupa hamu ya kugawanya vitu vyako mbele ya kufa. Wakaanza kujaribu sauti.

Muzee mwenyewe hakuwepo. Aliondoka alfajiri kuenda Sange kuchukua muchele, hakuaga muntu, juu muntu wa kuaga alikuwa hamuongeleshi, na telefone yake iko imezimwa siku zote eti anachunga batri. Mama Mwajuma alikuwa ameshaenda ku soko. Nyumba imefungwa. Sasa weka hayo yote pamoja: matawi, turubai ya bluu, wamama wanaimba pole pole, nyumba imefungwa, na muzee ambaye wote wanajua alishalazwa hospitali hapatikani ku telefone.

Watu wakaanza kufika.

Minye nilifurahi, wacha niseme ukweli. Tulikuwa tunangojea wageni wachache, na saa ilikuwa haijafika, na tayari viti vilikuwa vinajaa. Wazee wameshika kofia mu mukono, wamama wamefunga vitambaa ku kichwa, majirani, watu wa musikiti, watu wa bandari. Nikasema mu roho, kumbe ile chai ya pasta isiyokuwa na sukari ilikuwa inafanya kazi. Wanaingia pole pole, wananipa mukono bila neno, wanakaa, wanaweka mukono ku shavu.

Na hakuna aliyeuliza. Hapa njo inanikasirishaka mpaka leo. Huku kwetu ukifika ku kilio hauulizi nani amekufa, ni aibu, unaingia, unakaa, unangojea muntu akuelezee. Watu wote wale walikaa wakingojea niwaelezee, na minye nilikuwa nangojea shefu.

Wamama wakaleta unga, wengine kuni ku kichwa, mumoja akaleta bidoni ya mafuta. Nikapokea yote kwa mikono miwili. "Mungu awabariki," nikasema, "hii itasaidia sana wanafunzi." Wakatazamana.

Kiisha akafika muntu mumoja mwembamba, mwenye kanzu, amebeba kitambaa cheupe kipya kimekunjwa vizuri, akanipatia akiwa ameinamisha macho.

"Ni ya Muzee," akasema.

"Asante sana," nikasema. "Atafurahi akiiona."

Alinitazama kwa muda mrefu sana, na minye nikaona ni shukrani. Sasa tulikuwa na meza ya wakubwa, meza ya mbao yenye misumari, ilikuwa inanihangaisha tangu asubuhi, basi nikakunjua kile kitambaa, nikakitandika pale juu, kilitosha kabisa, hata kilining'inia pande zote. Nikapanga chaki, vibao vya wamama vya kuandikia, maua ya plastiki, na chupa za sukre, ile soda nyekundu, za wakubwa. Moja ikaanguka, ikamwagika kidogo. Nikageuza maua yafunike doa.

Ni sanda. Nilitandika sanda ya muntu ku meza na nikaimwagia sukre. Endelea kusoma, haijaisha.

Sasa kazi yangu ingine ile siku ilikuwa kuchangamsha watu, na nikiwatazama wale wageni naona wamenuna wote, hakuna anayecheka, kuna muzee mumoja anafuta machozi. Nikafikiri wana haya, ni mara yao ya kwanza kukaa na watu wa kanisa, niwafungue roho. Nikashika mikro.

"Ndugu zangu," nikasema, "mbona mumekaa hivi kama watu wamefiwa?"

Yule muzee akafuta machozi tena. Muntu mwenye roho nzuri angeishia hapo, lakini minye nikiona watu hawacheki ninaongeza. Nikawaelezea habari ya mutoto aliyeulizwa na mwalimu mbili na mbili ni ngapi akajibu ngoja nimuulize mama, juu baba ni mukopaji. Hakuna. Nikaelezea ile ya mbuzi na kitabu. Hakuna. Nikasema, "Anayefurahi juu ya siku ya leo anyooshe mukono." Kwaya peke yake ikanyoosha. Basi nikamuambia Mama Noela atoe wimbo wa kucheza, na ajabu ya ile siku, alikuwa nao mumoja, akautoa, na minye nikashuka mbele ya wale wazee nikacheza. Nilicheza vizuri. Nilicheza mpaka chini.

Hapo njo Bwana Sadiki aliingia, ametoka Makobola ku pikipiki, macho mekundu, na nyuma yake vijana wa musikiti wamebeba jeneza. Ile jeneza minye sikuiona vizuri juu ya jasho ku macho, niliona tu watu wamebeba kitu kirefu nikafikiri ni benchi, nikasema mu roho, hata benchi wametuletea.

Muziki ukazima. Sadiki akatembea mpaka mbele yangu.

"Nani alikupa ruhusa ya kucheza hapa?"

"Muzee mwenyewe," nikasema. "Jana jioni."

"Jana jioni alikuwa muzima?"

"Muzima kabisa, alikuwa anacheka."

"Na leo mumeshaingia mu depo yake."

"Ndiyo, tumeamuka mapema," nikasema, na nilisema kwa furaha, "tumefagia, tumetoa panya, hata watu wa redio hawangejua kwamba ilikuwa depo ya chumvi."

Sadiki akafunga macho, akafungua. "Kaka yangu mumemuweka wapi?"

"Sijui iko wapi, lakini atakuja tu, kiti yake ni ile pale mbele."

Nikamuonyesha kiti. Nilikuwa nimekifunga na utepe. Sadiki akatazama kiti, akatazama meza, akaona kile kitambaa, akaona doa jekundu chini ya maua, na yule mwanaume wa mabega kama kabati akakaa chini mu vumbi na kulia kwa sauti, na wamama wote chini ya turubai wakalia naye, na wa kwaya pia wakalia, bila kujua juu ya nini (Mama Noela alinielezea baadaye kwamba yeye analiaka tu akiona mwingine analia).

Minye nikabakia na mikro mu mukono. Nikatazama kule ku barabara. Lori moja lilikuwa linapita, likafika ku avenyu yetu, likapunguza mwendo, chofere akazima muziki, akavua kofia. Nikatazama chofere. Nikatazama matawi. Nikatazama matawi tena.

Nikageuka, nikahesabu mikono ku mashavu.

Basi nikafanya kile mupumbavu mwenye mikro anafanya, nikaanza kutengeneza. "Ndugu zangu, musilie," nikasema. "Muzee hajakufa. Iko njiani. Anakuja, mutamuona kwa macho yenu."

Fikiria tu. Mukristo mwenye mikro, mbele ya jeneza, anaambia Waislamu kwamba marehemu hajakufa na iko anakuja.

"Hata kumuzika bado," Sadiki akasema toka kule chini, "na umeshaanza kutuhubiria."

"Sihubiri, Bwana Sadiki, ninasema ukweli."

"Shika yeye," mwingine akasema, na nikashikwa ku kola ya shati, shati yenyewe ya kuazima.

Na wakati ule ule ikafika pikipiki ingine, na juu yake Mama Mwajuma, kiatu kimoja ku muguu, kingine kimebakia ku soko. Alishuka kabla haijasimama. Hakulia kama wengine, alikuwa anaongea tu, pole pole, kama muntu anayebishana na muntu iko karibu. "Nimemunyima neno wiki nzima," anasema, "juu ya nyumba ya panya. Amekula bugali wiki nzima anatazama ukuta." Kiisha akaona kanisa, akaona kwaya, akaniona minye nimening'inia ku mukono wa watu, akatukaribia.

"Muchukue depo," akasema. "Munasikia? Wote munasikia, niko nasema mbele ya watu. Muchukue depo, muchukue na nyumba kama munataka. Munirudishie tu muntu wangu."

Hapo njo utani wote ulinitoka. Nikapiga magoti. "Mama, hajakufa."

"Weye umemuona leo?"

"Hapana."

"Muntu mwingine amemuona?"

"Hapana, Mama."

"Telefone yake?"

"Imezimwa."

"Basi umejuaje?"

Ni pale nilipoogopa kwa kweli, juu nilifikiri ile barabara kubwa, malori yale, muzee mwenye tension peke yake njiani bila muntu kujua, na nikasema, je, kama matawi yangu ni uongo lakini kifo ni kweli? Je, kama ninapiga kelele hajakufa na iko amelala pembeni ya njia? Nikaanza kulia na minye. Kwa hiyo mu ile kilio, muntu wa mwisho kulia juu ya Muzee Radjabu ni mwenye alimufungia matawi, na minye nililia kuliko wote.

Ni Mama Noela aliyemuona wa kwanza, akakaa chini juu ya ngoma.

Muzee alikuwa ameshuka kule ku barabara. Aliona matawi, akalipa motari wa pikipiki, akaacha gunia lake la muchele pembeni, akavua kofia yake kwa heshima, na akaingia mu avenyu pole pole kama muntu anaenda ku kilio cha jirani. Na njiani akaona matawi yanaendelea. Yanapita ku nyumba hii, yanapita ku nyumba ile, yanaendelea mpaka kwake. Alipofika ku turubai alikuwa ameweka mikono juu ya kichwa, hatazami muntu, na muntu wa kwanza mbele yake nilikuwa minye, niko ku magoti.

"Mwanangu," akaniambia, na sauti yake sitaisahau, "ni Mwajuma?"

Mikro, sauti ya kuita mutumbwi, vyote bure. Nikaonyesha na kidole.

"Iko pale, Muzee," nikasema mwishowe. "Analia juu yako."

Mama Mwajuma akageuka. Watu wakasogea wenyewe, wengine mbio, kijana mumoja wa jeneza aliruka ukuta na sikumuona tena ile siku. Wale wawili wakatazamana. Minye nilifikiri watakumbatiana.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Sange. Kuchukua muchele."

"Bila kuniaga?"

"Weye haukuwa unaongea na minye."

"Sasa niko ninaongea," akasema, na akamushika mukono wa shati, akaukunja mu vidole vyake, na hakuuachilia mpaka jioni.

Na pale pale, sikia hii, pasta akafika na shefu wa kartie. Pasta akaona watu wamejaa avenyu yote, wa musikiti, wa bandari, wa kanisa, akafungua mikono miwili. "Nilisema vitu kidogo," akasema, "lakini Mungu amezidisha." Kiisha akaona wamenishika ku kola. Akashusha mikono.

Ikabidi kueleza. Nilieleza bila mikro. Nilipofika ku matawi, pasta akageuka akatazama ziwa. Nilipofika ku meza, muzee mumoja akatoka inje akacheka kule, nikamusikia. Lakini Sadiki hakucheka. Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema, "Kaka, nilikuambia. Toa hawa watu mu depo, leo, mbele ya jua kuzama." Na wengi wakatikisa kichwa kwamba ni haki. Mama Noela akanitazama kama muntu anatazama mvua inakuja kutoka ziwani, na minye nikaona ubao wetu unajifuta tena.

Muzee akasema, "Depo haiko yangu tena. Nasikia muke wangu ameitoa mbele ya watu."

Wote tukamutazama Mama Mwajuma. Akatazama depo. Alikuwa anaitaka ile depo kuliko sisi wote, kila muntu anajua.

"Nilisema nirudishiwe muntu," akasema. "Nimerudishiwa. Neno langu si la kuchezea kama matawi ya hii kichaa. Watabakia." Kiisha akanigeukia, na nikatamani Sadiki arudie kunishika. "Lakini weye utafua hii sanda kwa mikono yako. Utapita ku kila nyumba iliyokuja kulia hapa, useme Muzee ni muzima na weye ni mujinga, yote mawili, usiache moja. Na hii masomo, minye nitakaa ndani, na funguo itakaa na minye."

Unga uliokuja ku kilio haurudi nyumbani, njo desturi, basi kuni zikawashwa, bugali ikasongwa, wakaleta ndagala, muchele wa Sange nao ukaingia mu sufuria, na shefu wa kartie alifungua masomo yetu na mudomo umejaa. Jeneza iliegemezwa ku ukuta nyuma, watu wakaning'iniza makoti yao pale. Sadiki alikula akinipa mugongo, lakini alikula.

Sanda nimefua. Nimefua na sabuni ya mawese, nimefua na ndimu, nimefua na majivu, ile doa iligeuka rangi ya waridi na ikakataa kuendelea. Nikamupelekea Muzee, akaitazama ku mwangaza, akasema, "Nitaiweka. Siku nikifika kule wakiniuliza hii ni nini, nitawatajia jina yako."

Na nyumba zote nimepita. Sitaelezea, juu unajua kugonga mulango na kusema "Muzee Radjabu ni muzima na minye ni mujinga" kwa watu waliobakia nyumbani ile siku na hawakujua hata kwamba alikufa? Kuna bibi mumoja ku Kavimvira aliyenisikiliza vizuri, kiisha akasema, "Pole sana mwanangu, alikuwa muntu muzuri," akafunga mulango.

Sasa masomo inaenda. Mvua inapiga ku manjanja, mabati ya juu, ubao unabakia na maneno yake. Mama Mwajuma anakaa mbele, funguo ku shingo, na wamejaa wengine kutoka musikitini walioletwa na yeye, tena anasoma haraka kuliko wote, anasahihisha hata minye. Na nikiuliza swali lenye halina mwenye kujua, hawasemi hawajui. Wanatazamana, kiisha kila mumoja anaweka mukono ku shavu na kuinamisha kichwa, depo nzima, na minye jasho inanitoka mu mugongo.

Juzi tulifungua masomo ingine kule Makobola. Pasta alinitazama tu. Nikaenda mwenyewe ku barabara, nikasimama pale mu jua toka asubuhi mpaka wageni wa mwisho, bila kofia, nimenyoosha mukono kuonyesha njia, malori yananimwagia vumbi, na kila chofere anayepita anapiga honi na kuacha muziki yake juu. Matawi nimeiachia mingazi.